Cherehani Iliyokwenda kwa Fundi

Kituoni walimwita Subiri, na si kwa mapenzi. Neno hilo lilikuwa limemganda mdomoni. Ukimletea mwizi na kuku mkononi, yeye atakwambia subiri, tumuulize kuku kwanza. Wenzake walioanza naye kazi walishapanda vyeo mpaka kuwatazama usoni kunaumiza shingo. Yeye bado Inspekta, na kiti chake bado kina mguu mfupi uliowekewa kipande cha boksi. Aliwahi kung'olewa jino na mtu aliyemkamata bure, na tangu hapo ulimi wake ulikuwa na pengo la kuchezea kila alipotaka kufikiri.

Asubuhi hiyo alikuwa akilichezea pengo hilo mbele ya mkuu wa kituo.

"Kesho namfikisha mahakamani," mkuu alisema. "Kuua kwa kukusudia. Jirani kasikia ugomvi. Jirani kasikia kipigo. Mke kakutwa maiti, uso kwenye mto. Mume hajadondosha hata chozi. Unataka nini tena, picha ya video?"

"Nataka siku ya leo tu, Mkuu."

"Leo ni yako. Jioni nikifunga ofisi, nimefunga na faili."

Mume huyo, fundi wa kutengeneza friji, alikuwa mahabusu tangu juzi. Maelezo yake yalikuwa mafupi hata koplo aliyeyaandika alidhani kalamu imeishiwa wino. Aligombana na mkewe jioni. Akaenda kulala kwenye kochi, upande wa pili wa pazia. Usiku akasikia kitanda kinagonga ukuta, akadhani mke anarusha mateke kwa hasira. Akamwita, hakujibiwa. Kisha akasikia anakoroma, akadhani amelala, yamekwisha. Alfajiri akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, kimoja akanywa, kingine akakifunika kwa kisosi asije akaingia nzi, akaenda kazini. Basi.

Kituo kizima kilikuwa kimecheka. "Hasira inayokoroma!" koplo alisema, akipiga meza. "Na mke wangu angenipa dalili kama hizo ningeshukuru, wa kwangu akikasirika hata usingizi anaukataa."

Subiri hakucheka. Alichukua kofia yake akaenda kuwaona wanaojua mambo, akaanzia kwa asiyesema.

Daktari wa maiti alikuwa mama mfupi aliyevaa buti za mvua kiangazi na masika, na alizungumza zaidi na wageni wake wa mezani kuliko na walio hai.

"Umechelewa," alimwambia Subiri. "Nilishampelekea bosi wako ripoti."

"Umemwandikia nini?"

"Kwamba sijui. Ila kwa lugha ya kisomi, ndiyo maana imekuwa ndefu."

Alifunua shuka mpaka mabegani. Mwanamke alikuwa kijana, nywele zimesukwa vizuri, na kidole cha shahada kilikuwa na vishimo vidogo vidogo vya sindano. Mshonaji.

"Alilala kifudifudi," daktari alisema. "Mapafu mazito, yamejaa majimaji. Alijikojolea. Ulimi ameung'ata. Mtu akibanwa na mto mpaka akafa, anaweza kuwa hivi."

"Anaweza."

"Anaweza. Lakini anayebanwa hupigana, Inspekta. Huyu kucha zake ni safi. Ndani ya midomo hamna mchubuko. Shingo haina hata alama ya mbu. Majibu ya sumu bado, ila tumboni sikuona cha kunishtua. Na moyo, nimeugeuza kila upande. Ni moyo ambao angezeeka nao."

Subiri aliinama. "Ulimi ameung'ata wapi?"

"Umeuliza vizuri, leo nitakupa chai. Ubavuni, siyo ncha. Na chini ya jeraha jipya kuna makovu ya zamani, mahali palepale."

"Na hili?" Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu pana la moto, ngozi imekunjamana toka kiwiko mpaka karibu na kiganja.

"La utotoni."

"Aliungua na nini?"

"Hajaniambia." Daktari alirudisha shuka. "Kuna ugonjwa mmoja ninauwazia. Sikutajii, maana nikikutajia utautafuta na utauona hata kwa paka. Nilimpigia mama yake simu, nikamuuliza binti alikuwa anaumwa nini. Akaniambia hakuwahi kuugua hata mafua. Mwili wa marehemu na kinywa cha mama yake havikubaliani. Niletee kimojawapo kibadilike, nami nitabadilisha ripoti."

Nyumba ya marehemu ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa pazia, kwenye safu ya vyumba vinavyotazama ua mmoja. Polisi walikuwa wamefunga mlango kwa utepe, na mtoto wa mtu alikuwa ameshaukata akachezea.

Vikombe vilikuwa mezani. Kimoja kitupu, na mashapo ya majani ya chai chini. Kingine kimefunikwa kwa kisosi. Subiri alikifunua: chai imeganda utando juu, haijaguswa. Alikirudishia kisosi chake.

Nyuma ya pazia, kitanda kilikuwa kimesogea na kukaa mshazari, na ukutani plasta ilikuwa imebanduka pale ubao wa kichwani ulipogonga. Kuta kule ni nyembamba. Hapo mtu akipiga chafya, chumba cha tatu wanamwombea afya. Karibu na dirisha, sakafu ilikuwa na alama nne ndogo, mahali ambapo kitu kizito kilisimama muda mrefu. Pembeni yake palikuwa na kapu la vitambaa, mkasi na gauni la mtu lisilo na mkono mmoja.

"Aliiuza," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa mama wa chumba cha pili, beseni la nguo kiunoni, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri.

"Aliuza nini, dada?"

"Mashine. Cherehani ya mwenzangu. Mumewe kaibeba asubuhi moja kwenye mkokoteni, haikurudi tena. Mwanamume akibeba kitu na kitu hakirudi, kimeenda wapi? Kimeenda kunywewa."

"Anakunywa?"

"Sijamwona. Lakini wapo wa kunywa kimya kimya."

"Jioni ile ulisikia nini?"

"Kwa masikio yangu haya, Afande. Mwenzangu analia kama mtoto. 'Nirudishie mashine yangu! Leo! Sitaki kesho, nataka leo!' Na yule mwanamume anacheka."

"Anacheka?"

"Anacheka! Anamwambia, 'Tulia, mke wangu, mashine yako haijaota mbawa.' Mwenzangu akamwambia, basi niambie iko wapi nikaifuate mwenyewe. Akakataa. Ndipo mwenzangu akapandisha sauti, na mwanamume naye akakasirika, akasema humu ndani hamlaliki. Usiku nikasikia gu, gu, gu, ukutani. Nikasema, anampiga. Nikataka kuamka." Alihamisha beseni kiuno cha pili. "Sikuamka."

"Ulisikia kelele? Kuomba msaada?"

"Mlio mmoja tu. Mbaya. Kama wa mtu aliyeminywa kifuani. Halafu ile gu, gu. Halafu kimya."

Subiri alichezea pengo lake la jino. "Mlikuwa marafiki sana."

"Mpaka bafuni."

"Bafuni?"

"Hilo nalo unaliandika? Alikuwa haogi mpaka aniite nikae nje ya mlango tupige soga. Kila siku. Eti anaogopa mende. Komeo hafungi, mlango anaurudishia tu. Nikinyamaza kidogo ananiuliza, 'Upo?' Namjibu, 'Nipo.' Mende gani hao, Afande? Nimeishi hapa tangu sijaolewa, sijawaona." Aliangalia beseni lake. "Jana nimeingia kuoga mwenyewe, nikasikia mdomo wangu unasema, 'Nipo.' Hakuna aliyeniuliza."

Alipoondoka, Subiri alirudi kwenye zile alama nne sakafuni, akachuchumaa. Magoti yake yalilalamika kwa sauti. Ukutani, usawa wa goti, palikuwa na soketi ya umeme. Nyeupe, mpya, skrubu zake bado zinang'aa, na vumbi la plasta lilikuwa limefagiwa nusu, kama wanavyofagia wanaume. Waya ulishuka vizuri kutoka juu, umepigiwa klipu moja moja, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

Cherehani ya miguu haihitaji umeme. Na mtu aliyeuza mashine hafungi soketi mahali pake.

Subiri alisimama, akamuuliza jirani aliyekuwa anaanika: "Anayefunga mota kwenye cherehani hapa mtaani ni nani?"

Fundi wa vyerehani alikuwa na kibanda kilichojaa mashine zilizofunguliwa matumbo, redio isiyozimwa, na mdomo uliokuwa ukishindana na redio.

"Mota? Umefika, mzee wangu! Nafunga mota, nabadili mkanda, nafufua zilizokufa. Unashona wewe?"

Subiri alimwonyesha kitambulisho. Redio ilizimwa kwa mara ya kwanza tangu ilipozaliwa.

"Fundi friji alikuletea cherehani."

"Ile pale." Fundi alivuta turubai pembeni. Cherehani nyeusi, ya zamani, imesafishwa mpaka inaakisi uso, mota mpya imekaa ubavuni. "Imechelewa kwa sababu ya mkanda, haukuwepo mjini. Imeisha tangu juzi. Namngoja jamaa haji. Bwana yule anampenda mkewe, usione alivyo kimya! Alinikanya nisimpe mtu mwingine yeyote, hata mke mwenyewe akija nimwambie sijaiona. Anataka aikute nyumbani, imesimama, achomeke tu."

"Na alikuja?"

"Nani?"

"Mke."

"Kuna dada mmoja alipita. Alikuwa anazunguka kwa mafundi wote, anauliza cherehani nyeusi yenye droo. Alikuwa anatoka jasho, nikampa kiti akakataa. Nikamwambia..." Alitazama turubai. "Ilikuwa hapohapo chini. Nikamwambia sijaiona. Nikawa nacheka moyoni, Afande. Niliona mchezo mzuri."

"Alisema anaitakia nini?"

"Alisema kuna vitu vyake kwenye droo. Nikamwambia pole, dada, jaribu kule ng'ambo ya barabara."

Droo ilikuwa rafuni, imechomolewa isipate mafuta. Ndani mlikuwa na chaki, futi ya kupimia, bobini, na kopo la vifungo. Subiri alimwaga vifungo kwenye meza, vikabingirika kila upande, na fundi akavikimbilia vyote kwa mikono miwili kana kwamba vina thamani. Chini kabisa ya kopo, chini ya kitambaa kilichokatwa duara kikatosha kama sakafu, kulikuwa na vidonge, vimo kwenye karatasi zake za kung'aa, vilivyobanwa kwa mpira wa nywele.

Subiri alivihesabu kwa macho, akaomba bahasha akavitia, akachukua na kopo lenyewe. Mkono wa shati lake ulikuwa umegusa mashine na kunywa mafuta. Hakujali.

"Amefanya nini huyo jamaa?" fundi aliuliza.

"Amefunga soketi," alisema Subiri.

Mwuza dawa wa duka la kona alivigeuza vidonge mara moja tu. "Vya kifafa," alisema. "Anayetumia hivi haachi ghafla. Akiacha, degedege hurudi, na huja na deni la siku zote." Kisha akauliza kama Inspekta anahitaji kitu kingine, maana foleni inamsubiri.

Nyumbani kwa mama wa marehemu palijaa viti vya kuazima. Kaka yake marehemu, mwanamume mwenye shingo nene na macho mekundu, alimpokea Subiri getini.

"Bado hamjamnyonga?"

"Bado, kaka. Kamba zinatoka wizarani."

"Unafanya utani na msiba wetu?"

"Naomba radhi. Nataka kuzungumza na mama."

Mama alikuwa chumbani, ameketi chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Subiri alivua kofia, akavua na viatu, akaketi chini naye. Alitoa kopo la vifungo akaliweka kwenye mkeka, katikati yao.

Mama alilitazama kopo muda mrefu. Hakulifungua.

"Nenda kaangalie kama watu wamepata maji," alimwambia mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Mama, watu wana maji."

"Nimesema nenda."

Kaka alitoka. Hatua zake ziliishia ukumbini, hazikuendelea. Subiri alizisikia, akaziacha.

"Lile kopo nilimpa mimi," mama alisema.

"Na dawa?"

"Nilikuwa namchukulia mimi kliniki. Kila mwezi. Nampelekea ndani ya vitambaa, kama mteja." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anasoma kibao cha barabarani. "Ulianza akiwa mdogo. Alianguka motoni, mimi nimetoka nje kidogo. Baadaye dawa zikamkubali. Mwaka mzima unapita, hakuna kitu. Alipopata mchumba nikamwambia, usimwambie. Mwanamume akisikia neno hilo, utarudi kwangu na mabegi yako. Nimeona wenzako wakirudi."

"Akakutii."

"Alikuwa mtoto wa kunitii."

"Mashine ilipoondoka?"

Mama alikunja kidole cha gumba ndani ya kiganja. "Alinipigia simu. 'Mama, dawa zimeondoka na mashine, na simjui fundi.' Nikamwambia vumilia, itarudi. Kliniki hawatoi nyingine kabla ya tarehe, na nikienda kuomba wataniuliza za kwanza ziko wapi. Akanipigia tena. 'Mama, nimwambie tu.' Nikamwambia usithubutu. Vumilia, mwanangu. Nilisema vumilia."

Nje, kiti kimoja cha plastiki kilianguka, mtu akakiinua.

"Daktari alikupigia," Subiri alisema. "Ukamwambia hakuwahi kuugua hata mafua."

"Nina mwingine wa kike. Ameposwa. Hao wakwe wakisikia kwamba dada yake alikufa na kifafa, watasema uko kwenye damu. Wewe ungemwoa ukisikia hivyo?"

"Mimi nimeshaachwa mara moja, mama, kwa sababu nalala na soksi. Watu wakitaka kuacha hawakosi neno." Alisogeza kopo kidogo. "Una mwingine wa kiume pia. Yuko mahabusu kwangu. Kesho watamsomea mashtaka ya kumuua mwanao, na adhabu yake unaijua."

"Yule siyo mwanangu."

"Alikuwa anakuitaje?"

Mama alianza kukunja ncha ya mkeka.

"Alikuwa anakuitaje, mama?"

"Mama," alisema.

Ndipo kaka akaingia. Hakuwa na maji mkononi. "Ulisema alipona," alimwambia mama yake. "Tukiwa wadogo. Ulisema amepona kabisa, nisimtanie tena." Hakupandisha sauti. Aliketi kitandani, akaanza kuvuta uzi mmoja wa shuka, taratibu. "Mimi nimezunguka mtaa mzima nikisema kamuua. Nimewaambia mpaka mafundi wenzake."

"Koplo wangu ana gari nje," Subiri alisema. "Mama atakuja kuandikisha maelezo. Huyo wa kuposwa atapata wakwe wengine au atapata haohao. Huyu wa mahabusu hana nafasi nyingine."

Mama aliomba viatu vyake. Kaka ndiye aliyevileta, akapiga goti akamvisha.

Daktari alimsikiliza Subiri kwenye simu bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Ndiyo huo," alisema. "Ulimi, mapafu, kulala kifudifudi. Degedege humjia mtu usingizini, likiisha pumzi inasita, moyo unasita, na safari hii havirudi. Ule mkoromo aliousikia mume haukuwa usingizi. Nafungua faili upya. Nitaandika kifo cha ghafla cha mwenye kifafa. Hakuna mkono wa mtu."

"Na dawa alizokosa?"

"Kukosa dawa kunaongeza hatari, hilo siwezi kulificha. Lakini wapo wanaozimeza zote bila kuruka na bado wanaondoka hivyo hivyo. Wapo wanaoruka na wanazeeka. Siwezi kukuandikia kwamba ndicho kilichomuua, na usiende ukamwambia mtu kwamba nimesema."

"Na kama angejua? Akaamka, akamgeuza ubavu?"

"Tungewafundisha hivyo," daktari alisema. "Kama wangekuja."

Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya mama akiwa amesimama, kisha akayasoma akiwa ameketi. "Kwa hiyo hakuna kesi," alisema, kama mtu aliyeambiwa hakuna chakula.

"Hakuna, Mkuu."

"Mwachie basi. Na kile kiti chako, mwambie koplo akitafutie mguu."

Mume alikuwa ameketi kwenye kona ya mahabusu, mikono juu ya magoti. Vidole virefu, vyeusi kwenye mikunjo kwa grisi isiyotoka kwa sabuni. Hakuinua macho mlango ulipofunguliwa. Subiri aliketi sakafuni kando yake. Ilikuwa siku ya kukaa chini.

"Mkeo hakuuawa na mtu," alisema. "Alikuwa mgonjwa. Kifafa."

Mume alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayesoma kibandiko nyuma ya friji. "Kile kitanda."

"Ndiyo."

"Na kukoroma."

"Ndiyo."

"Nilimwita mara moja. Halafu nikageukia ukuta." Alisema bila kutikisika. "Nilikuwa nimekasirika kidogo. Siyo sana."

"Hukujua."

"Hapana." Alifikiri. "Hakuwa na dawa?"

"Alikuwa nazo."

"Wapi? Ile nyumba naijua. Kila msumari nimepiga mimi."

Subiri angeweza kusema, 'Kwa mama yake.' Jibu hilo lilikuwa karibu, na nusu yake ilikuwa kweli. Alichelewa. Mume alikuwa tayari anatazama mkono wa shati lake, pale palipokunywa mafuta. Akainama kidogo, akanusa.

"Mafuta ya cherehani," alisema.

Subiri aliukunja mkono wa shati.

"Ulikwenda kwa fundi."

"Nilikwenda."

"Droo," mume alisema. Mahabusu wa chumba cha pili alikuwa anaomba sigara kwa sauti ya kuimba, na hakuna aliyempa. "Kila siku aliniuliza. Inarudi lini? Mimi nikawa nafurahi. Nikasema, tazama anavyoipenda kazi yake, akiikuta na mota itakuwaje."

"Daktari amesema wapo wanaomeza zote na bado wanaondoka."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Wote?"

"Wapo."

"Wapo," mume alisema, akalipokea neno na kuliweka mahali.

Koplo alikuja na mkanda wa suruali na kamba za viatu kwenye bahasha, akavimwaga sakafuni. "Uko huru, bwana," alisema, na kwa kuwa alikuwa amecheka sana juzi, aliongeza, "Pole sana, kaka." Akaondoka upesi, mlango akauacha wazi.

Mume hakuinuka. Alichukua kamba moja, akaitazama ncha zake.

"Mota amefunga?"

"Amefunga."

"Haina kelele?"

"Sikuisikia ikizunguka. Lakini imekaa vizuri."

Mume aliitikia kwa kichwa. Aliingiza kamba tundu la kwanza, tundu la pili, akaruka la tatu, akaitoa yote, akaanza upya.

"Ile soketi sikuipima," alisema. "Nilikuwa naingoja mashine irudi."

"Nina taa garini ya kuchomeka," alisema Subiri. "Twende tukaipime."

"Ya nini sasa?"

Subiri alichezea pengo la jino lake, akatafuta, hakupata. "Imeshafungwa, bado kupimwa tu," alisema.

Mume alilifikiria hilo, kama fundi anavyofikiria kazi ya mteja. Kisha akaliona lile tundu la tatu, akapitisha kamba, akakaza.